Mafiga ya Mtoni

Kemunto, nyanya yako amekufa. Tulimzika Jumapili kando ya migomba. Mama yako yuko salama.

Uliniuliza kama nimewahi kuona jiwe likishindwa na moto, vile mnachoma na kufinya mawe huko maabara. Nimeona. Tulipooana nilileta mafiga matatu kutoka mtoni. Tukisonga ugali, figa moja likapasuka, sufuria ikaruka. Nyanya yako akacheka sana. "Wewe mwanaume! Jiwe la mtoni liko na maji ndani. Yakichemka yatatokea wapi?"

Kwa mazishi watu waliniambia mzee halii. Leo nimebandika sufuria peke yangu, nikalia mpaka moto ukazima. Sasa naweza kupumua. Kesho narudi kwa kazi yangu ya kuchimba mawe.