Wamesema Ulikubali, Baba

Baba,

Huku Baraka ziwa liko pale pale, na barabara ya Nundu ina mashimo yale yale. Kilichobadilika ni wewe: tangu tukuzike, umeingia siasa.

Wiki iliyopita walikuja wakubwa kutoka mjini, wakatuita lubunga, hapo ulipokuwa ukikaa na wazee kukata maneno ya ukoo. Wanataka kubadilisha sheria: rais asichaguliwe tena na raia wote, achaguliwe na wabunge peke yao. Eti kura ya watu wote inaleta fujo. Eti ndiyo desturi yetu Babembe, mkubwa wa ukoo hapigiwi kura, wazee wanakaa wanapatana. Halafu yule mnene akaweka mkono kifuani: "Hata marehemu muzee wenu, mbele ya kufa, alitukubalia."

Wewe, Baba! Wewe uliyebishana na muganga juu ya chumvi kwenye mboga ya lengalenga hadi siku ya kufa!

Wazee wakaangalia chini. Sabuni ya wageni ilikuwa imeshagawiwa. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimerithi kiti chako na ndimi wa kujibu kwa ajili ya mlango wetu katika ukoo. "Sema ndiyo, mutoto, tukule. Mbuzi iko tayari."

Nikakumbuka ulivyoniambia zamani: "Mu lubunga tunachagua muntu tunasikia akikohoa." Akiharibu, asubuhi uko mlangoni kwake. Basi nikawauliza wageni, kwa heshima zote: huyo mbunge wetu, tangu tumpe kura, nani hapa amemsikia akikohoa? Bamama waliosimama nje wakacheka hadi vitenge vikawalegea. Nikasema: baba yangu hakukubali. Aliibiwa kura, alilalamika, na uchaguzi uliofuata akarudi kwenye foleni.

Kicheko hakikufika mbali. Baba mdogo alisimama, akasema ndiyo kwa niaba ya mlango wote, na kabla ya jua kuzama kiti chako kilikuwa chake. Redioni walitangaza kwamba Baraka imekubali. Na wewe ndani yake.

Kiti akae nacho, kina kunguni. Neno lako ndilo linaloniuma. Nitalipeleka nyumba kwa nyumba, hapa hadi Nundu, hata wakinifungulia mbwa.

Lala salama, Baba. Ukisikia tena kwamba umekubali kitu, ujue mimi nimeshakataa kwa niaba yako.

Mwanao