Shukrani Nilizosoma Hewani

Kitale, Jumatano

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu unaendeleaje? Na huko Matulo mvua imefika? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjomba Absalom bado yuko rumande, na wanawe wamempa jirani yao Wahome hadi Jumapili ahame Kiminini, ati yeye ndiye aliyewaita polisi. Hata wewe unaona heri aende. Mama, umesahau nani alituletea gunia la mahindi kwenye matanga ya baba?

Waogiek wa Mlima Elgon walipotoka Kapsokwony kwa miguu kuja mahakamani hapa kudai msitu wao, vituo vikubwa vya habari havikutuma mtu. Redio yetu ya jamii ilinituma mimi. Nilitembea nao siku mbili, nikiripoti kwa simu. Kiminini mjomba aliwapokea wote arobaini, akachinja kuku hadi banda likabaki tupu. Kiongozi wao, Mama Cheptoek, alinisihi nisitaje wanapolala kwani polisi walikuwa wakiwatafuta. Nikamwahidi.

Lakini wajua kwetu kula kwa mtu na kuondoka kimya ni aibu. Na kusema kweli, nilitaka watu wajue ni jamaa yangu. Saa kumi jioni, kwenye kipindi cha salamu, nilimshukuru mjomba kwa jina, kwa kutupokea. Nikaongeza kwamba boma lake linatazamana na kinu cha kusaga mahindi cha Wahome. Jua halijazama, polisi wakafika. Walisimama kinuni kuuliza njia, ndiyo maana Wahome alionekana akiongea nao. Mjomba alikamatwa kwa kuwahifadhi, Waogiek wakatawanywa, na mahakamani hawakufika.

Si Wahome, Mama. Ni mimi. Siku tisa nimenyamaza kwa woga, nikiacha mzee wa watu abebe mzigo wangu.

Kesho nitalisema hewani, hata nikifutwa. Lakini huenda wakanizima kabla sijamaliza, ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Rispah wa hapa kazini anakuletea. Nakuomba uende Kiminini kabla ya Jumapili, uwasomee binamu zangu barua hii yote. Wakiwa na hasira, wanikasirikie mimi.

Wasalimie wote nyumbani. Mzee Wahome usimpe salamu zangu. Nitaenda mwenyewe, nimpigie magoti.

Ni mimi mwanao,
Nakhumicha