Jirani Kasema Si Neno, Boila Ikasema Ni Neno

Mpendwa Shangazi Marjorie,

Naomba msaada wako, lakini kwanza niruhusu nimshukuru Mungu na nimshukuru jirani yangu Rukhsana, maana bila yeye barua hii ingeandikwa na binti yangu, na isingekuwa ya kuomba ushauri. Jina langu usilifiche, kwani mtaa mzima hapa mjini Keighley ulishaliona gari la dharura la watu wa gesi mlangoni petu, na mume wangu Clifford kasimama bustanini na soksi tu miguuni.

Shangazi, mambo yalianzia kwenye mvuke. Boila yetu ya gesi, hiyo inayopasha maji na nyumba nzima, imefungwa ukutani jikoni, na bomba lake la kutolea moshi limetokeza nje upande wa kwa Rukhsana, basi siku za baridi linafuka kama birika na ule mvuke unaelea mpaka kwenye kamba yake ya nguo, nami kwa kuona haya nikamwambia jamani jirani tusamehe, shuka zako zinapata unyevu kwa ajili yetu, akacheka, akasema, "Si neno, Glenys, wala hata hainisumbui." Nikamfikishia Clifford maneno hayo kama yalivyo. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwetu mtu akisema si neno maana yake ni neno, na akiongeza kwamba hata haimsumbui ujue ameudhika kabisa. Clifford akaguna, akasema, "Huyo mama kachukia. Katuvumilia vya kutosha." Kesho yake akapanda ngazi, akachomeka kiwiko cha bomba la mvua, kile kipande kilichopinda, kwenye lile bomba la moshi, akakifunga kwa waya ili mvuke uelekee chini kwenye waridi zetu, chini ya dirisha la jikoni, akashuka anapiga mluzi.

Haikuchukua muda boila ikazimika, na kwenye kioo chake kidogo ikaandika herufi na namba. Nikasema tuitazame alama hiyo kwenye kitabu chake, Clifford akasema, "Kitabu cha nini? Kimashine hiki kinadeka tu," akabonyeza kitufe cha kuiwasha upya, ikawaka, akanikonyeza. Jioni ikaandika tena, akabonyeza tena, ikawa ndiyo desturi ya nyumba, mimi napika yeye anabonyeza, na siku moja akabandika karatasi juu ya kile kioo kwa sababu, alisema, zile herufi zinamtazama vibaya. Wakati huo wote mimi kichwa kinaniuma nikiwa ndani, nikienda sokoni kinapoa, nikirudi nacho kinarudi, nikasema ndio uzee, na Clifford naye kachokachoka, mchana kutwa amelala kitini, nikasema naye ndio uzee, maana uzee ukishaingia nyumbani unasingiziwa kila kitu.

Alhamisi iliyopita Rukhsana alikuja kunirudishia sahani ya keki yangu ya tangawizi, kaijaza sambusa, akanikuta nimekaa sakafuni karibu na mashine ya kufulia, nimefikaje pale sijui. Akauliza, "We Glenys, nini hicho kinalia kabatini?" Nikamwambia ni king'ora cha gesi ya sumu, betri zimechoka, Clifford kakifunika kwa taulo ili apate usingizi.

"Kichwa kinakuuma?"

"Kinaniuma."

"Na Clifford?"

"Naye pia."

"Jamani! Mnaugua wawili kwa pamoja, na kile kitu kinalia, wewe unaniambia betri? Inuka! Inuka, nasema!"

Akanikokota mpaka nje, sambusa zikamwagika zote, akasimama mlangoni akamwita Clifford kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na Clifford alipojibu kwamba hajavaa viatu, akamwambia, "Toka hivyo hivyo! Utanitukana ukishafika huku!" Akatoka. Rukhsana akapiga simu ya dharura ya gesi. Hospitali wakatuwekea oksijeni mpaka jioni, daktari akasema tumewahiwa.

Yule mtu wa gesi alifunga gesi ya boila, akabandika lebo nyekundu kwamba isitumike, akasema tutafute fundi aliyesajiliwa aikague ndipo iwashwe. Hapo ndipo kilio changu kilipo, Shangazi. Clifford hataki kumwita fundi. Kiwiko mtu wa gesi hakukiona, hakuzunguka upande ule, na Clifford amekitoa mwenyewe, amekificha kwenye banda la bustani, na kila nikiinua simu ananiambia, "Tatizo lilikuwa kiwiko, kiwiko hakipo, fundi wa nini tena? Aje aniulize nani kakiweka? Niwe kichekesho cha Keighley?" Anasema Jumamosi ataibandua ile lebo na kuiwasha, kwa sababu Jumapili binti yetu Bryony anakuja na mjukuu wetu wa kwanza, mchanga kabisa, atalala hapa, na nyumba ni baridi. Tena amenikataza nisimwambie Rukhsana habari ya kiwiko, asije akajiona ndiye aliyetuponza.

Nampenda mume wangu, na alichokifanya alikifanya kwa wema. Lakini naogopa Jumamosi. Na Rukhsana kila nikimwona kwenye ua machozi yananitoka, nataka kumshukuru, lakini kwa nusu ya ukweli siwezi. Nifanye nini?

Wako, Glenys


Glenys mpenzi,

Pole sana, na hongera kwa kuwa hai. Nimemwomba mhariri aitoe barua yako leo Ijumaa ili ikuwahi. Nimeisoma nikacheka, kisha nikasimama kwenda kuangalia king'ora changu mwenyewe, kisha nikakaa nikakasirika. Sasa nisikilize.

Boila hiyo haiwashwi Jumamosi. Haiwashwi kwa kubembelezwa, wala kwa sababu ya mjukuu. Moshi uliokosa njia siku zote hizo umepita pasipopaswa, na umeacha nini huko ndani wewe hujui, mimi sijui, na Clifford ndiye hajui kuliko sote. Kuondoa kiwiko si kuitengeneza boila. Kile kifuniko cha mbele hafungui mtu asiye fundi wa gesi aliyesajiliwa, naye akija mwombe kadi yake ya usajili mlangoni bila kuona haya, hatachukia, amezoea. Ile lebo nyekundu aibandue yeye.

Zile herufi si deko, mama. Boila haina mdomo, inasema kwa njia hiyo, na kitabu ulichotaka kukifungua ndicho kinachotafsiri. Ulikuwa sahihi, ukanyamaza, na hilo nalo nakugombeza. Kila boila ina alama zake, kwa hiyo usichukue tafsiri ya boila ya shemeji yako. Ikisema maji yamepungua shinikizo, utaongeza mwenyewe kama kitabu kinavyoelekeza, ila ukijikuta unaongeza kila wiki, mahali fulani panavuja, mwite fundi. Ikizimika asubuhi ya barafu, huenda kile kibomba chembamba cha maji machafu kimeganda huko nje, kimwagie maji ya vuguvugu, yasichemke. Ikishindwa kuwaka, tazama kwanza kama gesi ipo. Kitufe cha kuiwasha upya unabonyeza mara moja kama kitabu kinaruhusu. Alama ikirudi, umeshaambiwa, na kazi yako hapo ni kupiga simu. Alama ya feni, ya moto au ya njia ya moshi haibonyezewi kitu hata hiyo mara moja.

Na wasomaji wengine mnaojifanya habari hii si yenu, mnisikie. Betri ikichoka, king'ora hutoa mlio mfupi, kinyamaze, kikumbuke tena baadaye. Kikipiga kelele bila kupumzika, sumu ipo, na sumu hiyo haina harufu wala rangi. Zima boila kama iko karibu, fungua milango ukipita, toka, piga simu ya dharura ukiwa nje, wala usirudi kufuata mkoba. Kichwa kinachouma nyumbani na kupona sokoni si uzee. Mwambie daktari hivyo hivyo kama ulivyoniambia mimi.

Sasa Bwana Clifford, najua unasoma nyuma ya bega la mkeo. Karibu. Ulipanda ngazi kwenye baridi ili shuka za jirani zikauke, na mtu mwenye moyo huo simwiti mjinga. Lakini ulipokifunika king'ora kwa taulo, hapo nakuita mjinga, nenda ukajitazame kwenye kioo unisaidie kukuita. Unaogopa fundi atakucheka? Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa gesi. Alikuta boila imefungiwa kabatini kwa misumari kwa sababu mwenye nyumba hakupenda rangi yake, na nyingine imezibwa bomba kwa soksi eti panya wasiingie. Hakumcheka hata mmoja aliyemwambia ukweli. Waliomkosesha usingizi ni wale waliomficha. Mficha maradhi kilio humuumbua, bwana, na Jumapili kilio hicho kingekuwa cha mtoto mchanga. Kitoe kiwiko bandani, mwonyeshe fundi, mwambie kilikaa wapi na kwa muda gani, maana bila hilo hatajua atazame nini.

Kama fundi hatapatikana kabla ya Jumapili, Bryony asije. Nendeni nyinyi kwake, mkambebe mtoto kwenye nyumba yenye joto, na mwambieni sababu kwa simu leo, asisikie dukani. Hapo kwenu azimeni vipasha joto vya umeme, laleni na soksi, hamtakufa kwa baridi ya siku mbili.

Kuhusu Rukhsana, mwambie yote. Atashtuka, labda atalia, kisha nadhani atamcheka Clifford mpaka ashike ubavu, na Clifford ataweza kulibeba hilo. Yule mama alisema si neno akimaanisha si neno, ni nyinyi wawili mliomsikia vibaya, kwa hiyo hana la kujilaumu, na ni wewe wa kumwambia hivyo. Mpelekee keki ukitaka, ila keki haitoshi na wewe unajua haitoshi. Mtu aliyekutoa kwenye sumu unamshukuru kwanza kwa kutorudi humo. Weka gazeti chini, Glenys. Piga simu kwa fundi, Clifford akisikia, kisha vuka ua.

Shangazi Marjorie