Nilimpa Binti Yangu Vipimo vya Mwili Ambao Sina Tena

Mpendwa mshauri,

Sijawahi kuliandikia gazeti isipokuwa kulalamikia taka na maji ya mfereji, na leo naandika jambo la aibu, kwa hiyo nivumilie nikienda mrama kidogo. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, asili yangu ni bara lakini Mombasa nimeishi tangu ujana, nilikuwa mkaguzi wa shehena bandarini mpaka nilipostaafu, na sasa nakaa peke yangu katika nyumba ya kupanga hapa Tudor, mke wangu akiwa ameshatangulia. Nina ugonjwa wa koo ambao umeshuka hadi kwenye ini, madaktari wameniambia wazi kwamba hakuna tiba, kinachopita kooni siku hizi ni uji na mchuzi wa samaki uliochujwa, na nilipomuuliza daktari kama nitaiona Desemba alianza kupanga karatasi zake mezani bila kuniangalia, nami nilikaa ofisini muda wa kutosha kujua maana yake mtu anapopanga karatasi ambazo tayari zimepangika.

Desemba ndiyo arusi ya mtoto wangu wa pekee, Awino. Yuko Doha, anafanya kazi hotelini, na mchumba wake Arnold ni fundi wa injini za boti huko Liwatoni, kijana mtulivu ambaye amemsubiri kuliko vijana wengi wangesubiri. Awino hajui kwamba ninakufa. Anajua nina kikohozi. Arnold naye akija kunijulia hali ananikuta nimejifunika blanketi hadi shingoni, namwambia ni baridi, katika joto hili la Mombasa, na yeye kwa adabu yake ananiitikia kwamba ni kweli kuna baridi. Sababu ya kumficha Awino ni kwamba mama yake alipougua, yeye aliacha chuo akiwa mwaka wa mwisho, akarudi nyumbani kumwogesha na kumlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho, na chuoni hakurudi tena, na siku aliyopanda ndege niliapa moyoni kwamba mgonjwa mwingine wa nyumba hii hatamvunjia maisha mara ya pili.

Sasa nije kwenye nguo. Tangu aende, Awino ananivisha kutoka mbali. Anaziona nguo kwenye simu, anaagiza kwa binti mmoja anayeitwa Purity ambaye anashona na kuuza mtandaoni kutoka chumba kidogo cha Makadara, na mwenye pikipiki ananiletea kifurushi hadi mlangoni. Kabla ya kuagiza mara ya kwanza, Purity alituma mchoro wa mtu aliyezungushiwa utepe, unaoonyesha kifua kipimwe wapi na kiuno wapi, na chini yake ameandika, "Upimwe na mtu mwingine, usijipime mwenyewe." Mimi nilifungua kabati, nikalitoa koti nililovaa siku ya kustaafu, nikalilaza kitandani nikalipima lile koti. Nilijiambia koti ni langu, basi na vipimo ni vyangu. Kifua inchi arubaini na mbili. Nilimwandikia Awino namba hiyo na nikaona raha ya ajabu, mshauri, kama mtu aliyerudishiwa kitu, kwa sababu mwili ule ulikuwa mwili wa heshima, shingo inaijaza kola, na nilipopita getini bandarini askari walinipigia saluti.

Shati la kwanza lilipofika nilikuwa ndani yake kama mtu aliyejikinga mvua. Awino akataka picha. Jirani yangu Mwikali, ambaye ndiye anayenipikia uji na ndiye pekee anayejua yote, akachukua vibanio kwenye kamba ya kuanikia, akalikusanya shati mgongoni akalibana, akanipiga picha kwa mbele, na picha ikapendeza sana. Tukafanya hivyo kwa shati, tukafanya kwa suruali, na Mwikali hakuacha kunicheka. "Simama wima, Mzee wa Bandari," husema. "Mbele bwana arusi, nyuma kamba ya nguo." Nami hucheka mpaka kikohozi kinanishika, na nakiri kwamba hizo zilikuwa siku zangu nzuri za mwaka huu.

Kisha ikaja suti ya arusi. Ni ya rangi ya kijivu, kwa sababu Awino anataka nifanane na Arnold tukisimama pamoja kanisani, na safari hii hakuridhika na picha, akapiga simu ya kuonana. Mwikali akanibana kwa vibanio karibu vyote alivyokuwa navyo, nikasimama mbele ya simu nikiwa nimejikaza kama mlingoti.

"Baba, umependeza! Sasa geuka nione mgongo."

"Mgongo wa nini? Kwani unaolewa na mgongo?"

"Aka, baba! Geuka tu."

Nikakohoa. Kibanio kimoja kikaruka, cha pili kikafuata, na koti likashuka mabegani kama hema lililong'olewa vigingi. Awino akasogeza uso kwenye simu. Halafu akasema, "Baba, hiyo suti ni ya nani?"

Hapo ndipo ningesema, mlango ulikuwa wazi na ukweli wenyewe umenijaa kifuani, lakini nilichojibu ni, "Muulize aliyekuuzia."

Awino ana hasira za mama yake. Jioni ile aliandika kwenye ukurasa wa Purity, mbele ya wateja wake wote, kwamba ni mwongo, anapewa vipimo na kushona anavyotaka, na amemdhalilisha mzee wa watu. Kesho yake Purity akaja mwenyewe kwangu, binti mfupi, utepe shingoni, amepanda ngazi kwa haraka hadi anahema. Alisalimu vizuri, akaomba koti, akalilaza mezani akalipima mbele yangu. Lilikuwa sawasawa na namba niliyotoa. Akasema, "Baba, sasa naomba nikupime wewe."

Nikamwambia, "Mimi sipimwi na watoto."

Hakubishana. Aliuangalia mkono wangu uliokuwa umeshika blanketi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, unaumwa?" Nikamfukuza. Mimi ambaye kazini sikuwahi kutia saini kipimo cha uongo, hata nilipobembelezwa na wakubwa, nilimfukuza mtoto wa watu nyumbani kwangu kwa sababu kipimo chake kilikuwa cha kweli, na Awino aliponipigia nikamwambia kwamba yule binti alikuja kunitukana. Akaandika tena, na safari hii wenzake wa Doha wakaandika pamoja naye.

Mwikali hupita Makadara akienda sokoni. Ameniambia kwaya iliyokuwa imeagiza sare kwa Purity imekwenda kwingine, na kwamba siku hizi anafungua mlango nusu. Ananiambia hayo huku akikoroga uji, wala hacheki tena, na vibanio amevirudisha kwenye kamba yake.

Mshauri, nikisema ukweli Awino ataacha kazi na pengine arusi yenyewe, aje akae kando ya kitanda hiki kama alivyokaa kando ya kile kingine. Nikinyamaza, binti wa watu anaharibikiwa kwa ajili yangu, nami sina muda wa kungoja jambo lijitengeneze lenyewe. Je, niache arusi ipite kwanza ndipo niseme, kama nitakuwapo? Au niandike barua isomwe nikishaondoka? Sitaki kufa nikiwa na jina la mtu mwingine mfukoni.

Mimi mzee ninayepungua,
Tudor.

*

Bi Ketty anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa maumivu, na pole kwa upweke ulioufanya mkubwa kuliko ulivyopaswa kuwa. Umri wangu ni wa kuwa mtoto wako, kwa hiyo nitakusema kama mtoto anavyomsema baba yake mlango ukiwa umefungwa.

Barua ya kusomwa baada ya kuondoka, hapana. Unataka Awino apate ukweli wakati hawezi kukujibu, kukugombeza wala kukushika mkono, halafu ukweli huo huo umwambie kwamba alimpiga mawe mtu asiye na kosa. Huo ni mzigo wa kumwachia mtoto unayedai kumwonea huruma? Na arusi ikipita kwanza, daktari wako ameshakujibu kuhusu Desemba. Wewe mwenyewe ulizisoma zile karatasi.

Unasema unamlinda. Nakuamini nusu. Nusu nyingine, baba, ni kile kifua cha arubaini na mbili. Hukutaka binti yako akuone umekwisha, na hilo si dhambi, kila mmoja wetu analo koti la namna hiyo kabatini. Lakini ulipolivaa kwa kumvua Purity jina lake, hapo uliacha kuwa mzee anayejipenda kidogo ukawa mtu anayedhulumu. Nimelisema, sitalirudia.

Kuna jambo umeliandika na nadhani hukuliona. Purity aliuona mkono wako. Alijua. Angeweza usiku ule ule kumwandikia Awino, "Dada, suti yangu haina kosa, mtazame vizuri baba yako," na kesi ingekwisha, na kwaya ingebaki kwake. Hakuandika. Watu wanamchafua na yeye amekaa nyuma ya mlango wa nusu akiitunza siri yako, siri ya mtu aliyemfukuza. Mimi nimeisoma barua yako mara mbili na hapo ndipo niliposimama mara zote mbili.

Kuhusu mama yake Awino. Awino aliacha chuo, ni kweli, na unaliita jambo hilo kuvunjika kwa maisha yake. Umewahi kumuuliza yeye analiitaje? Awino si kontena, mzee wangu, la kupangiwa lishushwe wapi na lini. Ni mwanamke mzima mwenye mchumba. Na huyo Arnold anayekubaliana nawe kwamba Mombasa kuna baridi, usidhani ni mjinga. Anakungoja useme.

Sasa fanya hivi. Mtume Mwikali Makadara leo, asiende kuongea kwa niaba yako, aende kumwita Purity tu. Akifika, mwombe radhi kabla hajakaa. Kisha vua blanketi, baki na fulana, umpigie Awino simu ya kuonana, simu ashike Mwikali, na Purity akupime. Awe anasoma namba kwa sauti na wewe unazirudia kwa Awino, kifua, kiuno, mabega, mkono. Hutahitaji hotuba. Kabla hamjafika kwenye urefu wa suruali atakuwa ameshaelewa, atalia, na wewe ulie, mwache Purity akunje utepe wake asubiri. Halafu mwambie jina la ugonjwa wako, usimwambie tena kikohozi. Na kabla ya kukata simu, mwombe akaandike kwenye ukurasa ule ule alikoandika kwanza, aseme kosa lilikuwa la vipimo vilivyotolewa nyumbani. Asitaje ugonjwa wako kama hutaki, lakini jina la binti lirudi pale pale lilipochukuliwa.

Kuhusu tarehe, usimwamulie. Wataongea yeye na Arnold. Kama watataka kanisa wiki ijayo, na chai ya watu wachache sebuleni kwako, usijitie kuwa mzee wa sherehe kubwa. Kama watataka Desemba, kubali pia.

Na suti usiitupe. Mwambie Purity aifumue aishone kwa mwili wa leo, akupime tena siku chache kabla ya kuivaa, maana mwili wako haungojei fundi. Mabega ndiyo aanze nayo, kwa kuwa koti likikaa mabegani kwingine kote husamehewa. Mkanda uache, utakuumiza tumbo, vaa kanda za mabegani. Chini ya koti akushonee kizibao, kitakujaza kidogo na kukupa joto, na safari hii hutakuwa umemdanganya mtu kuhusu baridi.

Sitaizungushia maneno ile siku nyingine, siku ya kukuzika, kwa sababu wewe hukuizungushia. Itafika, na watu watamuuliza Awino, baba avishwe nini? Atafungua kabati na kuitoa hiyo hiyo ya kijivu. Kama hujamwambia, ndipo atakapojua, mbele ya watu, akiwa amelishika koti ambalo ndani yake unapotea, na hapo atamkumbuka Purity. Usimfanyie hivyo. Nataka siku hiyo suti ikukae bila kibanio hata kimoja.