Wivu wa Mwenye Nyumba Isiyo na Paa

Nabintu, dada yangu, salamu zikukute mzima hapo Bukavu.

Picha ya kadi hii ni ya shamba la tumbaku, lakini ninayokuandikia ni habari ya wivu. Juzi nilikwenda Lilongwe kwa binamu yetu Deo, fundi wa kompyuta. Alinionyesha barua ya mtu wa mbali aliyeunda programu ya kuendesha kompyuta nzima. Haijaisha, naye anaigawa bure, na watu wasiomjua wanamsaidia kuikamilisha bila malipo.

Unaikumbuka salongo, ile kazi ya lazima: shefu wa mtaa alipiga filimbi, na bado tulijificha. Huyu mwenye programu hana hata filimbi. Mimi hapa kambini Dzaleka nimeita watu mwaka mzima tujenge nyumba ya kusomea, nimebaki peke yangu na kuta zinazofika kifuani.

"Aliwapa nini?" nikamuuliza Deo.

"Aliandika fasi zenye kuvunjika, sehemu zote mbovu za programu yake, mzee, akaomba bantu batengeneze. We uliomba nini?"

Niliomba matofali. Mama Feza, mwashi, aliponiambia, "Papa, huu mlango unaalika mvua," nilimjibu kwamba ramani ni yangu. Hakurudi.

Jana nilikwenda kwake nikakiri kwamba mlango nimeukosea, na paa sijui nitaliezekaje. Alicheka, akachukua jembe, akabomoa ukuta wangu mbele ya majirani. Leo watu sita wanakanyaga udongo na kubishana juu ya madirisha, wala hakuna anayeniuliza. Nyumba inapanda, nami naionea wivu kama nyumba ya mtu mwingine.

Ule vizuri, ujikinge na baridi, na unitumie shauri lako la paa.

Kaka yako