Ufunguo wa Kisima Sasa Anao Maganga

Mume wangu, Baba Neema,

Tulia huko uliko nikupe habari. Ule ufunguo wa kisima cha chama chetu cha wakazi, uliokuwa ukilala nao chini ya mto, sasa anao Bwana Maganga. Nimemkabidhi mimi mwenyewe, mkononi. Najua utasema nimefanya roho mbaya. Ndiyo, nimefanya.

Unakumbuka wewe ulivyoupata? Ulikuwa Ipole kurina asali. Ukarudi Jumapili na ndoo mbili kwenye baiskeli, nyuki wamekuuma, shavu moja limevimba, ukamkuta Maganga getini kwetu anacheka peke yake. "Hongera, mwenyekiti!" Ukadhani utani wa jirani. Kumbe wakazi walikutana jana yake, wa kujitolea hakuna, kila mtu anaangalia viatu vyake, ndipo yeye akasimama: "Baba Neema anafaa, ni mtu mtaratibu." Mikono yote juu. Ndio mtindo wa mtaa wetu, asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa. Nilikwambia kakatae. Ukasema, "Mama Neema, watu watakosa maji." Halafu ukampa na chupa ya asali! Asali ile inaniuma mpaka leo.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ulitoka kwenda kufungua kisima. Ulirudi suruali imelowa hadi magotini, chai imepoa, unainywa hivyo hivyo huku unanisimulia nani kagombana na nani kwenye foleni. Nilijifanya sitaki kusikia, nikachambua mchele wangu. Leo ningekaa kutwa nzima nikusikilize.

Ulipotoka kulazwa hospitali ya Kitete, miguu imevimba hata kandambili haziingii, nilikwenda kwa Maganga bila kukwambia. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwomba akushikie ufunguo wiki mbili tu, upumzike. Akajibu bila hata kuinuka kwenye kiti: "Mwenyekiti hajajiuzulu, shemeji. Tukimpokonya atajisikia vibaya." Basi ukaendelea kwenda. Nilikuwa nakuchungulia dirishani, unatembea umeshika kuta za majirani, nyumba hadi nyumba, na hao majirani wamo ndani wanakusubiri ufungue.

Sasa hili hulijui. Siku ya matanga yako, Maganga, sahani ya wali mkononi, aliwaambia watu pale uani kwetu: "Marehemu alipenda uongozi. Hakutaka kumwachia mtu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Neema alikuwa anagawa maji, akasimama na jagi lake akaniangalia. Mwanao alisikia, Baba Neema. Kulikuwa na wageni, basi nikajiapia kimoyomoyo kwamba huyu mtu atanijua.

Mwezi uliofuata Zuhura, katibu wa chama, akaniomba nipite nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa kujitolea kwenye kamati. Nikapita. Huyu ana presha. Yule ana mahindi yake shambani. Mwingine mkewe akaniambia mzee hayupo, na miguu ya mzee naiona chini ya pazia! Kwa Maganga, mkewe alinikaribisha chai, akanipa habari za furaha: Jumamosi ya wiki inayofuata wote wanakwenda Nzega, harusi ya mpwa wao. Nikanywa chai yangu taratibu, nikashukuru. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Zuhura, nikamwambia nimeulizia mtaa mzima, na Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo inayofaa kwa mkutano.

Siku hiyo nilivaa kile kitenge cha kijani ulichoninunulia. Zuhura alipouliza nani atajitolea uenyekiti, vichwa vikainama. Nikasimama. "Bwana Maganga anafaa," nikasema, "ni mtu mtaratibu." Sijafika hata mwisho, mikono juu yote, na mmoja akainua miwili.

Nilimsubiri getini kwake hadi aliporudi, bado ana suti ya harusi. "Hongera, mwenyekiti," nikamwekea ufunguo kiganjani.

"Mbona mimi sikuulizwa?"

"Hata mwenzako hakuulizwa, shemeji."

Juzi kaja kwetu. Kakaa kwenye kiti chako, anasugua goti. Eti linamsumbua, nimshikie ufunguo wiki mbili tu. Wiki mbili! Nikamwambia nitaupokea siku atakayosimama mkutanoni, Neema amekaa mstari wa mbele, aseme nani alimchagua mume wangu akiwa hayupo, na nani alikataa kumpokea ufunguo alipougua. Akajiinua kwa kushika mkono wa kiti. Kisha akaondoka na ufunguo wake.

Ungekuwepo ungesema, "Mwache mzee wa watu." Simwachi. Wewe ulikuwa na moyo huo, mimi sina, na sitaki kuwa nao mpaka mwanao asikie.

Tangi letu la uani limejaa pomoni, si ulilifunga mwenyewe likinge maji ya mvua? Lakini kila asubuhi, saa kumi na mbili haijagonga, niko kisimani na ndoo, mtu wa kwanza kwenye foleni. Namwona anatokea kule kwenye kona, anachechemea, anashika kuta. Akinifikia namwamkia kwa sauti, wote nyuma yangu wasikie: "Shikamoo, mwenyekiti!"

Na lazima aitikie.

Lala salama, baba. Chai yako naimwaga ikipoa.

Mkeo asiyesahau,
Mama Neema