Kabla ya Waosha Maiti

Jumanne, 6 Mei
Nimepiga picha za karangamuntu, vile vitambulisho, tangu asubuhi. Kaa wima, funga mdomo, usicheke. Umeme umekatika mara mbili. Jioni nimempelekea dada Mwamini uji, hakuugusa. Alikuwa anafunua kile kitabu cha wapigapicha wa Japani nilichonunua kwa wauza mitumba Bujumbura. Wanawake uchi, wengi hawana hata uso. Mgongo, kitovu, kovu, weusi mtupu. Uchi usiomtongoza mtu. Utangulizi wa Kifaransa unasema kwao wapigapicha hao walitukanwa, wakaitwa wachafu. Hawakuacha.

Dada anataka picha ya namna hiyo. Ya kifua chake, pale titi lilipokatwa.

Jumatano, 7 Mei
Nimekataa. Kazi yangu ni kuficha makovu ya maharusi, si kuyasogelea. Mama naye alitusikia, akafoka: aibu, mgonjwa husitiriwa. Yeye ndiye aliyetoa kioo chumbani baada ya operesheni. Alipotoka, dada alinishika mkono. "Mudogo wangu, mbele bale bamama ba kuosha maiti banione, nataka nijione miye mwenyewe."

Nimelia njia nzima hadi studio.

Ijumaa, 9 Mei
Mama alikwenda sokoni kutafuta mawese. Nikafungua dirisha, nikapiga. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka kovu likajaa kwenye lenzi. Dada hakufumba macho.

Jumamosi, 10 Mei
Picha kubwa huchapishwa Bujumbura. Hii haiendi huko. Vijana wa maabara ya picha watamrusha kwenye simu zao. Printa yangu inatoa saizi ya karangamuntu tu, na picha nzima ilitoka ndogo mno, kovu halionekani. Basi nimemgawa vipande: bega, kwapa, kovu, mbavu. Studio nimeifunga mchana kweupe. Watu wamegonga, sikufungua.

Jumapili, 11 Mei
Dada amevipanga vipande mwenyewe kwenye shuka. Akakosea, akapanga upya. Akatazama weee. "Kumbe iko miye tu." Kisha akaomba chai.

Nina hasira na saratani. Nina hasira na kile kioo. Nampenda dada yangu na hakuna ninaloweza.

Jumatatu, 19 Mei
Tumemzika dada leo. Wanawake wanne tulimwosha, mikono chini ya kitambaa. Bibi aliyetuongoza alipofika kifuani mkono wake ulisita, akaniangalia. Nikapokea mimi. Nikaosha pale taratibu, kama kwingine kote. Mama alikuwa mlangoni, kageuza uso. Baadaye akaingia, akanishikia birika.